Skrini Nyeusi Chumbani kwa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa haraka. Mke wangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Kazini haraka hiyo ilinipa sifa. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa fundi wa kompyuta katika kambi ya utafiti wa dhahabu jirani na Bulyanhulu, na mashine ikigoma alfajiri, wanajiolojia walitaka iwe imeamka kabla ya chai. Niliiamsha. Nilisifiwa mno kwa jambo hilo, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba ipo kazi moja ambayo ingefaa niifanye polepole, nikijifanya sijui, nikirudia mambo, hadi jua litue. Kazi hiyo niliifanya Kahama, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu.

Sisi Wasukuma tuna heshima ya mkwe, na watu wa rika langu bado tulikuwa tunaishika. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye sahani moja, hakai naye chumba kimoja, na chumba anacholala mama huyo ndiyo kabisa, hata kivuli chako hakitakiwi kiingie. Mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha, ikibidi uingie kwenye miiba. Kwa miaka mimi na mama yule tulisalimiana kwa namna hiyo: nachutama kwa mbali, natazama vidole vyangu vya miguu, natoa shikamoo, naye anaitika marahaba akiwa ameshageuka kwenda zake. Nilizijua kanga zake zote. Uso wake sikuujua. Maneno mengine yaliyopaswa kupita kati yetu yalipitia kwa mke wangu, ambaye aliyapunguza au kuyaongeza chumvi kadiri alivyoamka siku hiyo.

Mama alikuwa karani mpiga chapa wa parokia moja. Hiyo ilikuwa ajira yake. Alichokipenda ni kuwafundisha kusoma wanawake watu wazima, wale waliokuja jioni na jembe begani wakakaa kwenye mabenchi ya watoto. Alikuwa anawaandalia kitabu: kila herufi na maneno yake mawili, kila neno na picha yake. Picha alizichora mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, kwa kipanya, na aliyewahi kujaribu anajua kwamba kuchora kwa kipanya ni kama kuchora kwa kiazi. Tena alikuwa na masharti. Hakuchora kitu asichokuwa amekitazama. Kwa ajili ya jembe alileta jembe mezani. Kwa ajili ya kuku, shemeji yangu mmoja alimshika kuku miguu asubuhi nzima, na kuku aliilipa ofisi kwa namna anayoijua mwenyewe.

Kompyuta ile ilikuwa imeachwa na Mzungu mmoja wa kujitolea. Aliiwekea Linux, programu ya kuendeshea mashine, kwa sababu ilikuwa ya bure, na nadhani pia kwa sababu aliamini kila binadamu anapenda taabu kama yeye. Mama alijifunza kuitumia. Aliandika amri zake kwenye karatasi, akaibandika ukutani chini ya Bikira Maria, akaendelea na kazi.

Mwaka huo aliteleza kisimani akavunjika mguu. Alifungwa hogo la plasta kutoka pajani hadi kifundoni, akalazwa nyumbani. Parokia wakamletea kompyuta hukohuko, wakaiweka kando ya kitanda chake, na waya wa umeme ukavutwa kutoka kwenye jenereta la misheni. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, na mashine ilikuwa inahamia kwa mhasibu. Paroko mpya hakukichukia kitabu, ila hakikumsisimua. Alikubali jambo moja tu: gari la parokia linakwenda Mwanza Jumatatu, na kama kitabu kitakuwa tayari, dereva atakipeleka kwa wachapishaji. Kisipokuwa tayari, basi tena. Mama alijua kwamba gari jingine halitakuwepo kwa ajili yake.

Ni katika wiki hiyohiyo kifurushi kilifika kutoka kwa yule Mzungu. Ndani kulikuwa na diski mpya ya Linux na maelekezo ya kuisasisha mashine, kwamba itakuwa nyepesi na nzuri zaidi. Mama alikuwa mpiga chapa. Akipewa maelekezo anayafuata hadi nukta ya mwisho. Akayafuata. Mashine ilinguruma, maandishi meupe yakapita, ikajizima ikajiwasha yenyewe. Pale ambapo kila siku zilikuwa zinatokea picha, kukawa giza. Maandishi yalikuwepo, ungeweza kuandika amri na mashine ikakujibu kwa heshima zote. Lakini picha hata moja haikuonekana. Mbuzi, jembe, kuku, chungu, vyote vilikuwa ndani, vizima, na hakuna aliyeweza kuviona.

Kwanza waliita fundi wa televisheni, maana Kahama kitu kisichoonyesha kilikuwa mali ya fundi wa televisheni. Alifungua kioo, akapuliza vumbi, akatoa mayai ya mjusi, akasema kioo ni kizima na akaondoka. Ndipo mke wangu, aliyekuwa pale kumuuguza mama yake, akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mbao: njoo, mama halali.

Nilipata ruhusa ya Jumamosi moja. Niliomba lifti kwenye gari la kambi lililokuwa linafuata vipuri mjini, nikabeba kompyuta ndogo ya kazini na waya mrefu tuliokuwa tunautumia kuunganishia mashine mbili. Gari lilikuwa linarudi saa tisa.

Sikuwa na njia ya kuingia chumbani, na hakuna hata aliyelizungumzia hilo. Niliwekewa kigoda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la mbao la chumba chake. Dirisha lilikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kuuliza kulikoni, ni kumwambia mke wangu alifunge.

“Kuna joto humu,” alisema. “Na mama ana hogo.”

“Wewe funga. Acha upenyo wa kupitisha waya.”

Nikaisikia sauti ya mama, ya chini, ikisema na binti yake: “Mfungie mwenzio. Anaona haya.”

Tukaanza. Mimi nauliza ukutani, mke wangu anasoma skrini, ananijibu ukutani. Kwa muda mrefu tulikwenda kama vipofu wawili wanaopokezana fimbo. Nilimwambia asome herufi kwa herufi, akawa anasoma neno na kukisia lililobaki. Nilimwambia afungue kasha la mashine anisomee maandishi yaliyo kwenye kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachopeleka picha kwenye kioo, akaniambia yamefutika, kisha hayajafutika, kisha ni ya Kichina. Mama akawa anamsahihisha kutoka kitandani. Alikuwa anasoma vizuri kuliko binti yake, ila nilikuwa naisubiri sauti ya mke wangu irudie, kwa sababu maneno ya mama hayakuwa yameelekezwa kwangu.

Hatimaye nilimwelekeza mke wangu amri za kuniruhusu niingie kwa kupitia waya. Alichomeka ncha moja kule, mimi nyingine huku, na mashine ya mama ikajitokeza kwenye kioo changu kidogo kwa maandishi. Nikapumua. Sasa niliweza kutazama mwenyewe, na ugonjwa haukujificha. Kuna kijiprogramu ambacho kazi yake ni kuielewanisha kompyuta na kadi ya picha. Mafundi tunakiita draiva. Diski mpya ilikuwa imeng'oa draiva ya zamani na kuweka mpya, na ile mpya ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kadi za kisasa. Kadi ya mama, kuukuu, haikuitambua. Nilijaribu kuilazimisha iendeshe kwa hali ya chini kabisa. Mke wangu akasema anaona mistari ya kijani na kitu kama pundamilia. Nikajaribu vipimo vingine vya kioo, giza. Dawa ilikuwa moja, kuirudisha draiva ya zamani, nayo ilikuwa kwenye diski ya zamani.

“Muulize mama, diski ya kwanza iko wapi?”

Nikawasikia wakinong'onezana. Halafu mke wangu akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

Iko kwenye majaruba. Mpunga wa mama ulikuwa umeanza kuiva, na ndege walikuwa wanaumaliza. Diski mpya ilipofika, yeye aliiona ile ya zamani imemaliza utumishi wake, na kitu kinachong'aa namna ile si cha kutupa. Akaitoboa? Hapana, ilikuja imeshatobolewa. Ilipitishwa uzi, ikatundikwa kwenye mti katikati ya mpunga, na ndege waliiogopa kwelikweli. Majirani walikuwa wameshaanza kuja kuiomba.

Mke wangu akavaa kandambili, akaenda kuifuata. Majaruba hayakuwa karibu.

Nikabaki peke yangu na ukuta. Ndani nilisikia kitanda kikilia, kisha vitufe. Mama alikuwa anasogelea mashine. Nikashikwa na hofu kwamba ataizima, na aliyeweza kumwambia asiizime alikuwa njiani kwenda shambani. Kumwita kwa sauti nisingeweza. Basi nikafanya kitu tulichokuwa tunafanya kambini, mtu wa hema moja na mwenzake wa hema la pili: nikafungua ukurasa wa mazungumzo kati ya mashine mbili. Nikaandika:

“Mama, tafadhali usizime. Tunasubiri diski.”

Ukurasa ule ulikuwa unaonyesha kila herufi inapobonyezwa, kwa hiyo nilimwona akianza, akisita, akifuta.

“Sizimi. Nani anaandika?”

“Mkweo, mama.”

Kitanda kililia tena. Kisha:

“Hii inaruhusiwa?”

Nilifikiri. Hatuonani. Hatusikiani. Hatuli pamoja, na ukuta uko katikati. Nikamjibu kwamba sijui, wazee hawakutuachia neno lolote kuhusu kompyuta. Nikasikia kicheko nyuma ya mbao, cha mtu anayebana mbavu ili mguu usiume. Halafu zikaja herufi, haraka sasa, kwa mwendo wa mpiga chapa:

“Basi mwangaluka, baba.”

Hivyo ndivyo mimi na mama mkwe wangu tulivyosalimiana kwa mara ya kwanza kama watu.

Sijui tuliandikiana kwa muda gani. Aliniuliza kambini tunakula nini, na kama ni kweli vijana wanashuka mashimoni kwa kamba huku wamefumba macho. Aliniuliza kama binti yake bado anaunguza maharage. Nikamwambia bado, akaandika kwamba hilo alilitoa kwa baba yake. Nilimsimulia habari za baba yangu, aliyestaafu kwenye mgodi wa almasi kule kwetu upande wa Songwa, akarudi nyumbani bila kutusimulia hata siku moja alichokuwa anakifanya huko. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba jambo hilo liliniuma. Mama akaandika: “Wanaume mnanyamaza mpaka mnakuwa wageni majumbani mwenu.” Nikalisoma mara kadhaa.

Kisha akaanza uchokozi.

“Yule ng'ombe mwekundu mliyemleta kwenye mahari alikuwa mgonjwa. Tulinyamaza tu.”

“Alikuwa mzee, mama. Si mgonjwa.”

“Alikufa.”

“Kwa uzee.”

Akacheka tena, nikamsikia, nami nikajikuta nacheka kwa sauti peke yangu nyuma ya nyumba ya watu. Jirani aliyekuwa anaanika mtama alinitazama akahama upande.

Nikamuuliza kitabu kimebakiza nini. Akasema ukurasa mmoja, wa M. Nikashangaa, maneno ya M yamejaa tele. Nikamtajia muhogo, mchele, moto.

“Mbuzi nimeshamchora. La pili nimelichagua, ila siwezi kuchora nisichokiona.”

“Neno gani hilo?”

“Wewe fungua kwanza skrini.”

Mke wangu akarudi, diski kwenye kidole kama pete kubwa, ina tope na uzi wake. Akaifuta kwa kanga, akaiweka. Mashine ikaikataa. Akaifuta tena kwa sabuni na maji, ikaguna muda mrefu, ikakubali. Kuanzia hapo mikono yangu ilijiendesha yenyewe. Nilichomoa draiva ya zamani kutoka kwenye diski, nikaiweka mahali pake, nikaandika upya vipimo vya kioo. Jua lilikuwa limeshavuka utosini na gari lilikuwa linarudi saa tisa. Nikaiamuru mashine ijaribu picha, na wakati inajikusanya, maana zile za zamani zilichukua muda wao, nikarudi kwenye ukurasa wa mazungumzo. Mama alikuwa ameshaanza kuandika. Herufi zilikuwa zinakuja moja moja, polepole, si mwendo wake.

“Baba, kabla hujamaliza kuna kitu nataka nikuombe. Ukikataa sita”

Zikakoma. Chumbani mke wangu akapiga kigelegele. Picha zilikuwa zimefunguka, zikafunika kila kitu kilichokuwa kwenye kioo cha mama, ukurasa wetu ukiwemo. Nilimsikia mama akisema, “Mbuzi wangu huyo, mbuzi wangu,” na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

Kwenye kioo changu sentensi ile ilibaki imesimama. Palikuwa na namna ya kumrudisha. Vitufe vitatu vya kubonyeza kwa pamoja, na maandishi yangetokea palepale yalipokuwa. Ningemwambia mke wangu, na mama angemalizia. Nilikuwa navijua vitufe hivyo kama jina langu. Lakini picha ilikuwa imefunguka, nami kazi ikishapona huwa siigusi. Barabarani gari lilikuwa linapiga honi. Nikasema ukutani, “Mwambie imepona, asibadilishe kitu,” nikachomoa waya, nikauzungushia mkononi, nikaondoka nikijisikia bingwa.

Jumatatu kitabu kilikwenda Mwanza.

Baadaye nilimwomba mke wangu aulize mama alitaka kuomba nini. Alirudi na jibu kwamba yale yalikuwa maneno ya mashine na yamekwisha na mashine. Kompyuta ilikuwa kwa mhasibu. Tukarudi kwenye shikamoo za kuchutama, mimi na vidole vyangu vya miguu, yeye na mgongo wake. Mara nyingine, akiwa anaitika, nilidhani sauti inachelewa kidogo, kama inasubiri. Huenda najidanganya. Niliwaza kuleta mashine mbili siku moja, nizitandaze ukutani tumalizie. Niliwaza tu. Siku zote palikuwa na gari linalorudi saa tisa.

Kitabu kilipotoka nilikipitia upesi, nikakisifu, nikarudi kazini. Mama alifundishia kitabu hicho kwa msimu mmoja na nusu, mguu ukiwa umenyooka mbele yake kwenye benchi. Masika yaliyofuata aliugua, akafariki. Siku za msiba nilikaa nje na wakwe wenzangu, tukachanja kuni na kuchota maji kama inavyotupasa. Watu walipopita kumtazama usoni na kumuaga, mimi sikupita. Wenzangu wawili walipita, nyakati zilikuwa zimeshaanza kubadilika, na hakuna aliyewasema.

Baada ya arobaini mke wangu alinikuta nimekaa bila kufanya kitu, jambo lisilo la kawaida yangu. Akaniwekea kitabu mapajani, akakifungua kwenye M. Juu kulikuwa na mbuzi. Chini kulikuwa na neno mkwe.

“Alichora Jumapili ile, siku moja baada ya wewe kuondoka,” alisema. “Akaniuliza uso wako ukoje. Nikamwambia una masharubu, una kovu kwenye paji la uso. Akasema masharubu ya kusimuliwa hachori.”

Ni mwanamume amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Miguu ni yangu, nimeijua. Aliitazama kwa miaka nilipokuwa nachutama. Mkononi ana waya unaoingia ndani ya nyumba. Watu wote wa kitabu kile wana macho, pua na mdomo, hata mbuzi anavyo. Mtu huyu kichwa chake ni mduara mtupu, mweupe. Ameelekea dirishani, na dirisha lake liko wazi.

Siku ile lilikuwa wazi kweli, nilipofika. Mimi ndiye niliyeomba lifungwe.